Bima ya Malori ya Vita

Kinanda hakuwahi kumwibia mtu, na anayesema vinginevyo anamsingizia. Watu walimpa wenyewe, tena kwa mikono miwili, na wengine wakamsindikiza hadi mlangoni. Jina hilo alipewa na dada yake, kwa sababu ukimgusa popote inatoka sauti tamu. Mtaji wake ulikuwa mdomo, tai ya hariri, na gari dogo jeupe alilolipangusa kila asubuhi kama mama anayempangusa mtoto mafua. Gari hilo ndilo lililokuwa ofisi yake, cheti chake na wadhamini wake. Tapeli anayekuja kwa miguu, nani amsikilize? Bila gari angebaki mtu mwenye maneno tu, na watu wa namna hiyo mjini wamejaa hadi wanakanyagana.

Bahati ilimkuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Kwenye kiti cha pili alikaa daktari wa meno mstaafu, mapovu yamemjaa mashavuni, analalamika.

"Kila kampuni ya bima inanicheka. Nikiwaambia nina lori la jeshi la enzi za vita, wananiuliza kama na bomu limo."

"Si uliuze tu, Daktari," kinyozi akasema.

"Wewe ungemuuza mama yako?"

"Mama yangu hanywi dizeli."

Kinanda akageuka taratibu, maana wembe ulikuwa bado sikioni. "Shikamoo, mzee wangu. Samahani kwa kudakia. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo unayoililia. Bima ya magari ya kale."

Daktari alimtazama kama mgonjwa aliyeambiwa jino limeshatoka.

Jumamosi gari jeupe likaegeshwa kwenye yadi nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka, mtu mnene aliyeitwa Mabati, ndiye mwenye yadi na mwenye lori moja. La pili la Daktari. La tatu la mjane mmoja muuza maturubai, na jina lake lilikuwa hilo hilo, Mama Turubai. Kila Jumamosi hao watatu walijipaka grisi hadi kwenye kope, wakanywa chai ya birika zima, wakaongea wote kwa wakati mmoja. Serikali imewahi kuundwa kwa maneno machache kuliko yaliyosemwa pale juu ya breki ya nyuma kushoto.

Daktari akawasha la kwake. Yadi ikatetemeka, birika likahama meza, na shuka za jirani zilizoanikwa zikabadilika rangi.

"Na haya mawili?" Kinanda akauliza moshi ulipopungua.

"Yamepumzika," Mabati akajibu.

Mthamini wa kweli angefungua boneti, angelala chini kutafuta namba ya chesisi. Kinanda alivaa suruali nyeupe. Akazunguka, akagonga bodi kwa vidole kama anayechagua tikiti maji, akapiga teke tairi, akaumia kidole, akatabasamu.

"Injini safi."

"Hata ya hili langu, mwanangu?" Mama Turubai akauliza.

"Mama, ya kwako ndiyo nzuri kuliko zote. Sikio langu limesomea mambo haya."

Daktari akakohoa. Mabati akaangalia mawingu.

Hesabu ya Kinanda ilikuwa nyepesi: thamani ikipanda, ada ya bima inapanda nayo, na ada inaingia mfukoni mwake. Kwa hiyo lori la Mama Turubai akalitajia bei ya nyumba ya ghorofa, tena yenye maji. Mama akashika kifua.

Daktari akamvuta wakala pembeni. "Mbona umemtajia? Kwa bei hiyo ningelinunua mimi, hata kesho. Lakini mimi haniuzii. Tulinuniana kwa ajili ya jeki."

Kinanda akasikia masikio yakiwa ya moto. Aliporudi, mama alikuwa anapangusa macho kwa ncha ya khanga.

"Mwanangu, ada ya mali kubwa hivyo nitaitoa wapi? Na mimi mgongo huu unahitaji kigari cha kunipeleka sokoni, basi. Wewe ni kijana, una nguvu. Chukua lori, niachie hicho cheupe."

"Mama, itakuwa kama nakudhulumu."

"Nidhulumu tu, baba."

Angewezaje kukataa? Kukataa ni kukiri kwamba bei aliitoa puani. Na kwa nini akatae, wakati mnunuzi yuko pale pale anajifanya anakaza nati? Kabla jua halijageuka, kadi za magari zilikuwa zimebadilishana mikono, sahihi zimewekwa, karani wa duka ameshuhudia. Kinanda akapanda kwenye lori lake, akatafuta tundu la ufunguo.

"Malori ya jeshi hayana ufunguo, wakala," Mabati akamwambia kutoka chini. "Vitani nani ana muda wa kutafuta funguo? Kanyaga hicho kidude."

Akakanyaga. Kimya. Akakanyaga tena, kimya cha msibani. Akashuka, akafungua boneti.

Ndani kulikuwa na vitunguu. Vimepangwa vizuri juu ya gunia, vimekauka, vinapendeza.

"Injini iko wapi?"

"Mwezi huu iko kwa Daktari," Mabati akasema. "Spea za malori haya hazipatikani tena. Tunayo injini moja nzima, inazunguka. Leo kwako, kesho kwangu."

"Mama, umeniuzia bodi."

"Sijakuuzia, tumebadilishana." Mama Turubai alikuwa ameshakaa kwenye gari jeupe, anasogeza kiti mbele. "Na mimi sikusema lina injini. Wewe ndiye uliyesema, tena ukasema yangu ndiyo nzuri kuliko zote. Nikajua labda wasomi mnaona vitu."

Kinanda akamgeukia Daktari. "Mzee, ulisema utalinunua hata kesho."

"Nilisema na sirudi nyuma." Daktari akafuta mikono polepole, kidole kwa kidole. "Lina bima?"

Kinanda akalegeza tai ya hariri. Kuita polisi? Ajitambulishe kama nani?

Gari jeupe likatoka getini, redio juu, mkono wa mama unapunga dirishani. Kinanda akalitazama hadi likakata kona, kama mtu anayeiona ofisi yake ikihama bila yeye.

Mabati akamrushia ovaroli yenye mafuta. "Vaa. Mwezi ujao zamu ya injini ilikuwa ya mama, sasa ni yako. Kuishusha ni kazi, anza mapema."

Kinanda akaishika ovaroli kama nepi. Akachungulia tena chini ya boneti, akameza mate, akauliza kwa sauti ndogo, "Na vitunguu, vinabaki na lori?"

"Vya mama hivyo," Mabati akasema. "Usiviguse."