Khan wa Kibondo Hainami

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimempata! Genghis Khan! Yule yule wa Mongolia, aliyeteka nchi za watu akiwa juu ya farasi. Kura ya fainali imepigwa asubuhi kwenye kundi letu la WhatsApp, na jina langu, Ndayikeza wa Kibondo, limeangukia hapo. Nimeruka nikagonga kichwa kwenye paa la kibanda changu cha chaja za simu. Chaja tatu zimeanguka. Sijali.

Naeleza mchezo, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu. Unaitwa Mwito wa Mashujaa. Claude, Mkongo mwenye saluni ya kunyoa kule Kasulu, ndiye mwamuzi. Humwita shujaa wa kale kutoka kuzimu kwa maneno ya moshi na radi, halafu wewe unakuwa yeye. Unavaa kama yeye, unaongea kama yeye, unapewa nguvu za ajabu. Mimi nimepewa Mishale Elfu na Upepo wa Nyika. Sharti ni moja. Tangu kuitwa hadi fainali, shujaa hamwinamii mtu. Akiinama tu, anarudi kuzimu na taji linakwenda kwa mwenzake.

Fainali ni Ijumaa, Nane Nane, Kasulu. Tumebaki wawili. Mwenzangu ni Mansuri, mtoto wa duka la vitambaa, bingwa mara mbili, mtu wa kujipulizia marashi mpaka kwenye viatu. Yeye kapewa Mirambo. Mirambo ni wa hapo Urambo tu! Wangu katoka mbali zaidi.

Esteri amepita jioni. Nampenda Esteri na nataka kumwoa, naandika wazi. Amenikumbusha kwamba Jumatano bibi yake, Bibi Maximilla, anakuja kutoka Gwarama kuniangalia. Bibi asipokubali, baba yake hapokei barua ya uchumba. Hilo halina rufaa. Nimemwambia asiwe na shaka, bibi atamkuta mfalme. Esteri hakucheka. Sijui kwa nini.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya maandalizi. Nimepata koti la mtumba lenye manyoya shingoni, la nchi za barafu. Jua la Agosti linanipika humo ndani lakini Khan halalamiki. Baiskeli ndiyo farasi.

Halafu bendera. Nimesoma kwamba Khan alikuwa na bendera ya manyoya ya mkia wa farasi. Kibondo nzima haina farasi. Nimekwenda buchani, nimechukua mikia miwili ya ng'ombe, nimeifunga kwenye mti wa ufagio. Nimepita nayo sokoni polepole. Mbwa saba walinifuata. Baadaye sikuwahesabu tena. Watu walicheka, lakini mimi niliona kitu kingine: jeshi langu la kwanza.

Mbele ya kibanda changu anauza vitumbua Firdausi, binamu yake Mansuri. Leo hakuniondolea macho. Kila nikiinua kichwa, simu yake imeniangalia. Nimemuuliza anapiga picha nini. Amesema anapiga picha vitumbua. Mpelelezi! Chaja ikianguka sasa nachuchumaa mgongo ukiwa wima kama nguzo ya umeme. Mapaja yanawaka moto.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ngumu, ila ushindi.

Kwetu Buha kijana akikutana na mzee hafikirii. Anainama, anapiga makofi taratibu, anasema mwakeye, salamu yetu ya Kiha, anasubiri aulizwe habari za nyumbani, za mashamba, za ng'ombe asiokuwa nao. Mikono inafanya yenyewe tangu utotoni. Na leo saa nne Bibi Maximilla amefika kibandani na Esteri, amebeba kikapu cha maharage mapya. Ng'ambo, Firdausi ameacha vitumbua viungue na kuinua simu.

Mikono ilitaka kwenda. Nikaitia mifukoni. Mgongo ulitaka kwenda. Nikajikaza kisabuni. Nikainua kidevu, nikamwambia kwa sauti ya Khan kwamba nimetoka nyika za mbali, na vikongwe wa nchi nilizoziteka hawatadhuriwa.

Hata makonda wa stendi waliacha kuita abiria, wakasogea kutazama.

Bibi alinitazama muda mrefu bila hasira. Akamuuliza Esteri kwa Kiha kama naumwa kiuno. Esteri akasema hapana. Bibi akauliza kama nilianguka nikiwa mdogo. Esteri akasema hajui. Basi Bibi akachukua kikapu chake, akaondoka nacho. Yalikuwa maharage ya njano, yale mazuri.

Esteri ametuma ujumbe. Kwamba tangu Bibi aolewe hakuna mtu aliyewahi kusimama wima mbele yake namna ile, isipokuwa ng'ombe. Kwamba Bibi anarudi Gwarama Jumamosi, na akiondoka na neno hapana, basi tena. Kwamba yeye amelia. Hapo moyo ulinishuka, sifichi. Lakini Mansuri naye lazima amelia, maana sikuinama!

Alhamisi, 7 Agosti

Mjomba Hatungimana, aliyenilea, amekuja alfajiri na fimbo. Hakunipiga, ameiweka mezani tu ili niione. Amesema heshima si utumwa. Amesema twende sasa hivi nikamwombe Bibi radhi. Nimemjibu kwamba nitaomba, ila kwa mbinu. Amefunga macho, kisha tukaondoka pamoja.

Mbinu yenyewe! Sharti linakataza kuinama. Lakini kuinama maana yake nini? Ni kuwa chini kuliko mzee. Basi mtu anaweza kuwa chini bila kuinama, akipata mahali pa chini. Na nyumbani kwa shangazi yake Esteri, Bibi alikofikia, wanachimba shimo la choo kipya. Limeshafika shingoni. Limekaa hapo kana kwamba limechimbwa kwa ajili yangu!

Nimeshuka shimoni na koti langu, wima kabisa. Nimepiga makofi taratibu. Nimesema mwakeye kwa sauti tamu kuliko zote nilizowahi kutoa. Bibi akatoka ndani, akatafuta sauti inatoka wapi, akaona kichwa changu kimechomoza katikati ya udongo.

Shangazi akapiga yowe. Bibi hakupiga. Aliuliza tu ni nani amekufa. Halafu akasema mtu anayewasalimu wenzake akiwa shimoni anaita msiba katika nyumba, na akaingia ndani. Ni mchuro, na mchuro haufutiki kwa soda. Nilikuwa nimebeba kreti nzima.

Udongo ulikuwa unateleza, nikashindwa kutoka. Wachimbaji walinivuta kwa kamba. Esteri alisimama mlangoni akitazama. Alinipungia mkono, lakini ule wa kumfukuza kuku.

Njiani nilimpigia Claude kupata hukumu. Alijibu kwa Kiswahili chake cha Kongo kwamba regleman, yaani sheria, ni regleman: mtu wima ndani ya shimo bado ni mtu wima. Sijainama! Mjomba hakufurahi pamoja nami. Alitembea mbele peke yake.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Naandika nikiwa Kasulu.

Nimefika na basi, baiskeli juu ya keria, mikia ndani ya mfuko. Abiria waliomba mfuko nao uende kwenye keria. Tulisubiri swala ya Ijumaa iishe, Mansuri akatoka msikitini na marashi mapya, tukasimama uwanjani. Watu wengi mno! Wote upande wa Mirambo, kwa ujirani. Claude akaita radi kwa kupiga sufuria.

Niliwaka. Kila anachosema Mirambo, Khan ana jibu. Ameleta bunduki, nimeleta Mishale Elfu. Amejenga ngome, nimeibomoa kwa Upepo wa Nyika. Watu wakaanza kuhama upande, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Claude akatangaza kwamba Mirambo amebakiwa na nguvu moja tu. Nililiona taji. Ni la bati, lakini limepakwa dhahabu.

Mansuri akasema nguvu yake ya mwisho ni Mwito. Anamwita mtu mmoja aingie uwanjani. Watu wakafungua njia. Akaingia Bibi Maximilla. Nyuma yake Firdausi, amembebea mkoba. Nyuma zaidi Esteri.

Nilicheka kimoyomoyo. Nilijua watamleta mzee mbele yangu, na mimi mikono ilikuwa mifukoni tayari. Nilisimama wima kuliko mnara wa simu.

Bibi alikuja mpaka hatua moja. Hakunitazama usoni. Akaweka fimbo chini. Halafu, mbele ya Kasulu nzima, mama mwenye mvi, aliyezika mume na kulea wajukuu kumi na mmoja, akaanza kuinama yeye. Kwangu. Magoti yake yalilia nikayasikia. Akakutanisha viganja, akapiga makofi taratibu, akanisalimu kama mtoto anavyomsalimu baba yake.

Sikuamua kitu. Nilijikuta chini, magoti kwenye vumbi, koti limenifunika kichwa, napiga makofi na kumwomba ainuke, Bibi inuka, tafadhali inuka. Aibu ilinipanda kama homa. Sijawahi kuona aibu namna ile na sitaki kuiona tena. Uwanja ulilipuka. Claude akatangaza kwamba Genghis Khan amerudi kuzimu.

Bibi akashika bega langu ili asimame. Akasema polepole, mimi tu nisikie: "Kumbe mgongo unakunjika."

Nimepata kujua kwa Firdausi kwamba Mansuri alimwomba Bibi aje asimame tu. Hilo la kuinama alilitunga mwenyewe, ndani ya gari, akila vitumbua.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimesamehewa! Bibi ameahirisha safari hadi mchana ili anisikilize. Nimemsalimu nimeinama mpaka nikaona visigino vyangu. Amesema kijana aliyeanguka vile jana hakukosa malezi, amekosa akili, na akili huja. Mchuro ameufuta kwa kumwaga maji mlangoni. Barua ya uchumba ipelekwe Jumamosi ya tarehe 23. Kikapu cha maharage kimerudi kwangu. Esteri amenishika mkono, mjomba amegeuka ukutani kufuta macho. Nimefurahi hadi nimeshindwa kula.

Kulikuwa na sharti moja. Nimesimama mbele ya wazee wote, nimeapa kwamba Genghis Khan sitamwigiza tena maisha yangu yote. Nimeapa kwa moyo mweupe. Huyo mtu karibu anikoseshe mke.

Jioni hii Claude amepiga kura ya msimu mpya. Nimepata Kublai Khan! Mjukuu wake! Nimekumbuka kiapo neno kwa neno, na wajukuu hawakutajwa popote. Mechi ya kwanza ni Jumamosi ya tarehe 23, asubuhi, Kasulu. Nimeshamwandikia mjomba kumuuliza kama barua ya uchumba inaweza kusogezwa mbele kidogo.