Ng'ombe Thelathini wa Vumbi

Jumatatu, 9 Juni 2025. Bariadi.

Mzee Ndaki, baba yake Minza, kanipigia simu mwenyewe kutoka Bukundi. Nikamwamkia mwangaluka kwa sauti ya mtu mwenye mali. Hakuzunguka. Akasema Constantine, yule karani wa pamba, ameshatuma washenga kumposa Minza, na ng'ombe wake wapo Nassa, wanaonekana kwa macho. Akauliza mimi, Marcelo, nina nini. Ulimi ukanitangulia. Nikasema ninao thelathini, wapo kwa mjomba Mkula. Mzee akasema nimtumie video kwenye simu, wakiwa wanatembea, maana ng'ombe aliyesimama hata kwenye kalenda yupo.

Sina ng'ombe. Mkula sina hata mjomba. Nina kompyuta, na chumba karibu na stendi ninamotengeneza kadi za harusi na katuni za matangazo. Mwingine angelia. Mimi nimewasha kompyuta.

Jumanne, 10 Juni.

Mnadani asubuhi. Nimempata ng'ombe wa kuigwa: jike la kahawia, nundu nzuri, pembe moja imepinda kama kijiko. Muuzaji hakupenda kamera. Nikamnunulia soda, akageukia pembeni. Nikapiga ubavu wa kulia, mbele na nyuma. Ubavu wa kushoto ulikuwa umezuiwa na wanaume waliokuwa wakibishana bei. Haina shida. Kwenye kompyuta unachukua kulia, unageuza kama kwenye kioo, umepata kushoto. Pajani ana chapa ya moto, duara lenye mkia. Nimeiacha. Inaleta ukweli.

Alhamisi, 12 Juni.

Ng'ombe mmoja, kompyuta ilitulia. Kumi, feni ikaanza kunguruma kama kiwanda cha kuchambua pamba. Thelathini, ikazima kabisa, na chumba kikanuka waya.

Adui ni manyoya. Kompyuta inataka kujua kila unywele umelala wapi. Nikawanyoa wote. Wametoka wanang'aa kama viatu vya Kipaimara. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nywele nimezitoa, akili imebaki. Watatu wa mbele ndio ng'ombe kamili. Wa nyuma ni picha bapa zilizosimamishwa, ukiwatazama kwa pembeni ni wembamba kama chapati. Kwato hazigusi ardhi, zinateleza. Nikamwaga vumbi. Vumbi ni rafiki wa fundi. Kila kilichonishinda nimekifukia humo.

Minza akapita akitoka kazini, duka la dawa za mifugo. Akatazama. Akasema wote wanainua mguu wa kulia kwa pamoja, kama wanapita mbele ya mgeni rasmi. Nikamwambia ni nidhamu. Hakucheka. Akasema nimwambie baba yake ukweli, kwamba sina ng'ombe ila nina ufundi, maana hata yeye mzee alianza kwa kuchunga mifugo ya watu mpaka akapewa ndama. Akasema yeye Constantine hamtaki, ila mimi nikijulikana kuwa mwongo nyumbani kwao hatakuwa na mdomo wa kunitetea. Iliniuma. Nampenda Minza kuliko hata hii kompyuta. Nikamwahidi nitafikiria. Nimefikiria. Nimeongeza vumbi.

Jumamosi, 14 Juni.

Nimetuma. Majibu yakaja kabla ya chakula cha mchana, kupitia Minza. Mzee anauliza mbona kundi zima limepita na njia imebaki safi. Ng'ombe gani hawa hawanyi?

Swali la haki. Nikaweka kinyesi. Sasa, kompyuta haijui kwamba kitu kikiachiwa kinaanguka, mpaka uiambie. Sikuiambia. Kinyesi kikatoka, kikabaki hewani, kikaanza kuwafuata ng'ombe taratibu. Nikarekebisha, kikaanguka lakini kikapita chini ya ardhi. Mwishowe nikachora madoa njiani na kumwaga vumbi tena. Nimetuma upya. Sasa ni vumbi lenye pembe.

Jumatatu, 16 Juni.

Ushindi! Mzee Ndaki kapiga. Sauti tamu kama asali. Amewatazama ng'ombe wangu tena na tena, akasema hajawahi kuona mifugo iliyomgusa moyo namna hii. Niende Bukundi Jumatano, wazee wananisubiri. Nije na kompyuta, wawatazame kwa ukubwa.

Mchana nikakutana na Constantine. Nikampa pole. Akauliza pole ya nini. Nikamwambia atajua.

Jumatano, 18 Juni. Bukundi.

Nilivaa koti. Nilitegemea wazee wa kupanga mahari. Niliwakuta, na pembeni yao sungusungu, walinzi wa kijiji, na fimbo zao. Minza alikaa na mama zake, macho chini.

Mzee akasimamisha video, akaweka kidole juu ya pembe iliyopinda. Akasema huyu anaitwa Kijiko. Alizaliwa katika zizi hili, akaibiwa wakati wa masika. Chapa ni ya ukoo wao. Ila wao hupiga paja la kulia tu, na wa kwangu wamepigwa kulia na kushoto. Akawauliza wenzake ni mtu wa namna gani anayempiga ng'ombe chapa pande zote mbili. Wakajibu kwamba ni mwizi asiyejua chapa huwa inakaa wapi.

Kioo! Kile kioo changu!

Mzee mwingine akasema jambo ni zito zaidi ya wizi. Kijiko aliibiwa mmoja, hapa wapo thelathini, wote Kijiko. Akasogeza kiti chake mbali nami.

Nikapima. Mwizi wa ng'ombe, au mwongo? Kwa Wasukuma hiyo si hesabu ngumu. Nikakiri kwamba ng'ombe hawapo, wametoka kwenye kompyuta. Hawakuamini. Mkuu wa sungusungu akasema kila mwizi waliyemkamata alidai ng'ombe hawapo.

Ikabidi niwashe kompyuta niwathibitishie. Nikamgeuza Kijiko mmoja wa nyuma kwa pembeni, akawa chapati. Nikamrudisha yule kamili, nikamvua ngozi. Ndani, tupu. Bibi mmoja akajifunika uso kwa khanga. Mzee Ndaki akainama, akachungulia, akauliza maini yako wapi. Nikasema hakuna. Utumbo je? Hakuna. Nikamweleza kwamba kwenye kazi hii kisichoonekana hakitengenezwi, ni nje tu.

Akanitazama kuanzia koti mpaka viatu. Akasema basi wamefanana na mwenye nao.

Walicheka mpaka sungusungu wakaweka fimbo chini. Minza hakucheka. Akauliza jambo moja tu, kwa upole: picha nilipiga wapi. Nikamtaja yule muuzaji wa mnadani niliyemnunulia soda. Wanaume wawili wakawasha pikipiki papo hapo.

Jumamosi, 21 Juni. Bariadi.

Kijiko amepatikana! Muuzaji alikuwa hajapata mnunuzi, maana pembe ile inatambulika.

Minza kaja na ujumbe wa baba yake. Mzee amesema uongo wangu umemrudishia ng'ombe, kwa hiyo hatanifukuza, ila hatanipa mtoto kwa vumbi. Niende kambi ya malisho, nichunge mifugo yake na Kulwa, mpwa wake, mpaka mvua zirudi. Nikimaliza, nitapewa ndama wa Kijiko, awe wa kwanza wa mahari yangu. Constantine ameambiwa asubiri. Kila jioni nimtumie mzee video nikitembea nyuma ya ng'ombe, ajue nipo. Nikikosea tena, Constantine aje na watu wake.

Minza alilia akisema haya, kwa furaha. Akanipa kandambili za matairi alizoninunulia mwenyewe, na shati la kazi lenye jina langu kifuani, upande wa kulia, kalishona kwa mkono wake. Nimeapa mbele yake. Uongo basi.

Jumapili, 22 Juni.

Nimetoka kanisani nikiwa mtu mpya. Nimevaa kandambili, nimetembea mpaka stendi na kurudi. Zinachubua. Nikawaza jua la Bukundi, miiba, na Kulwa anayesemekana kuamka kabla ya kuku.

Nimewaza pia kwamba kosa la mwanzo halikuwa uongo. Kosa lilikuwa ng'ombe. Msukuma hadanganywi kwa ng'ombe. Lakini mtu? Nani humtazama mchungaji?

Ng'ombe watakuwa wa kweli safari hii, Kulwa nitamlipa awapige picha na kunitumia huku Bariadi. Nyuma yao natia mchungaji mmoja tu, mimi. Mmoja kompyuta inamudu. Vumbi kidogo miguuni. Leo mchana nimejipiga picha nikiwa na fimbo, nimevaa shati la Minza, jina linasomeka vizuri.

Nimepiga upande wa kulia tu. Wa kushoto nitageuza.