Moto Mkubwa, Vifimbo Vingi

Jumatatu, 8 Juni 2026
Siku ya ishirini na tatu. Akello bado hanisemeshi. Kosa langu: nilimwambia mbele ya darasa zima kwamba grafu yake imesimama kichwa chini. Kweli ilikuwa kichwa chini. Sasa naona ningeweza kungoja mapumziko.

Leo Mwalimu Osborn ametugawia chupa sisi watatu wa klabu ya kemia: Akello, Sandra na mimi. Tuoteshe vifimbo vya oksidi ya zinki vyenye shaba kidogo, vyembamba hata unywele ni gogo mbele yake. Chupa zikae saa sita katika maji ya joto la nyuzi tisini. Mwenye vifimbo vyenye kasoro chache zaidi ataenda kwenye maonyesho Mbale. Akello anaitamani Mbale tangu tuanze sekondari.

Nimepata mpango! Nitaotesha vifimbo bora, kisha nimbadilishie kwa siri. Atashinda. Atafurahi. Mtu mwenye furaha husamehe. Kumwomba samahani ana kwa ana siwezi. Nilijaribu mbele ya kioo, nikaona haya.

Jumanne, 9 Juni
Siku ya Mashujaa, hakuna shule. Nimekwenda Busia kuazima taa ya zambarau ya Shangazi Kevina. Anabadilisha pesa karibu na mpaka na huitumia kugundua noti bandia. Mwalimu anasema vifimbo vyenye kasoro vikimulikwa kwa taa hiyo hung'aa kijani. Vilivyokamilika hubaki karibu giza.

Shangazi aliuliza taa ni ya kumfurahisha kijana gani. Nikasema ni ya zinki. Akauliza huyo Zinki ni wa ukoo gani.

Jumatano, 10 Juni
Umeme wa maabara umekatika. Tumehamia jikoni kwa Mama Aguti, mpishi wa shule, kila mtu na sufuria yake.

Akello hana hata kipimajoto. Kwao Nagongera yeye ndiye huwaongezea wazee maji moto kwenye chungu cha pombe, kidogo kidogo, wakivuta kwa mirija mchana kutwa. Basi anasikiliza tu sufuria. Maji yakitaka kuchemka, anachomoa kijiti. Yakinyamaza, anakirudisha. Saa sita! Maskini. Nilimwonea huruma sana.

Mimi nilimwomba Mama Aguti kuni za ziada. Moto mkubwa, vifimbo vingi. Alisema hivyo ndivyo wasichana wanavyounguza maharagwe. Hajasoma kemia. Kipimajoto changu kilipita tisini, nikakigeuza kisinitazame.

Alhamisi, 11 Juni
Nimebadilisha karatasi za majina kwenye chupa yangu na ya Akello. Nilifanya haraka. Kiwiko kikaangusha chupa ya Sandra, nusu ya unga wake wa vifimbo ikamwagika. Nikajaza maji. Nikairudisha mahali pake.

Ijumaa, 12 Juni
Balaa.

Mwalimu amemulika kwa taa ya Shangazi. Chupa yenye jina la Akello ikawaka kijani kama macho ya paka. Yenye jina langu, giza safi. Mwalimu akaeleza kwamba joto likizidi vifimbo hukua mbiombio, oksijeni haiwahi kukaa mahali pake, mashimo hubaki. Mashimo hayo ndiyo yanayong'aa. Akanipongeza kwa subira yangu. Mimi! Taa ilikuwa mkobani mwangu tangu Jumanne na sikuwaza kujimulikia.

Akello aliitazama ile chupa ya giza. Mdomo wa chupa hiyo umemeguka kidogo. Aliilinda saa sita, anaijua. Akachukua vitabu akatoka. Nilimfuata hadi nyuma ya jiko.

"Umeniibia?" akauliza.

"Nilitaka kukupa yangu. Nilidhani yangu ndiyo nzuri."

Akacheka, akacheka mpaka akaketi juu ya kuni.

"Nanjala, siku zote hizi nangoja samahani. Moja tu."

Nikaisema. Ilitoka kama kikohozi, lakini ilitoka. Akanisogezea gogo nikae.

Tulikwenda pamoja kwa Mwalimu. Akello ataenda Mbale. Mimi nitafagia maabara hadi mwisho wa muhula. Jioni nilimkuta Akello huko kabla yangu, ameshika ufagio wa pili. Nilisahau nilichokuwa nafagia.

Jumapili, 14 Juni
Baada ya kanisa Akello amekuja na karanga. Nikamweleza kuhusu chupa ya Sandra, ambaye tangu Ijumaa anajilaumu kwa unga wake kuwa kidogo. Akello akasema nimwombe samahani kesho asubuhi. Neno moja, na sasa ninalijua.

Ni kweli. Nimelifikiria mchana kutwa.

Lakini nina mpango bora. Kesho nitaomba sufuria kwa Mama Aguti, nimwoteshee Sandra vifimbo vipya na kumtilia mkobani bila yeye kujua. Atafurahi. Nitatumia moto mdogo, kama Akello.

Ila saa sita ni nyingi. Nitaongeza kuni kidogo tu.