Mzee wa Kibandani Aliyenifundisha Ngoma

Jumatatu, 11 Mei

Fomu! Bi Tordis, meneja wa okestra, anataka kila mpiga ngoma aandike maneno themanini: muziki ulimwanzia wapi, nani alimfunza. Yatachapwa kwenye kijitabu cha onyesho la Jumamosi. Vibarua wa ngoma tuko wawili, mimi na Ragnfrid Haukås. Kazi ya kudumu ni moja tu, na baada ya onyesho mmoja wetu ataipata.

Ragnfrid kamaliza kwa dakika tano. Nikachungulia. Kaandika ukweli mtupu: alifundishwa na Borghild Ystevik, bendi ya shule ya Ystevik. Borghild ni shangazi yangu! Ndiye aliyenilea. Nami kanifundisha yeye, bendi hiyohiyo, kwa sindano ya kufumia kichwani kila nilipokosea. Nikiandika hayo tutakuwa watoto wawili wa kijiji kimoja, na mwenzangu kanitangulia. Hapana.

Nimeandika: nilifundishwa majira matatu ya baridi na mzee Aslak, mpiga ngoma wa jeshi aliyejitenga na watu, kibandani mlimani. Hakusema neno. Alipiga, nikajibu. Safi kabisa! Nimetuma. Chakula cha jioni kimenishinda.

Jumanne, 12 Mei

Bi Tordis kanikuta kwenye kahawa, macho yamelowa. Kasema hajawahi kusoma kitu kama kile. Kauliza kama mzee yu hai.

Pale pale ningesema mzee alishakufa! Badala yake mdomo ukajibu wenyewe: yu hai, ila hashuki. Bi Tordis akasema atapelekewa gari. Nikasema hapandi gari. Akasema basi atatafutiwa farasi. Mwenyekiti wa bodi, ambaye ndiye mwenye kauli kuhusu ile kazi, ana hamu ya kumpa mkono.

Mazoezi mabaya. Nina vipande sitini na viwili vya muziki, kila kimoja mapigo manne, vya kukaa kimya, kisha matoazi, mara moja, peke yangu, ukumbi mzima unasikiliza. Nahesabu alivyonifundisha shangazi: kila kipande shamba moja la njiani, kutoka gatini hadi shuleni Ystevik. Mashamba thelathini na moja kwenda, thelathini na moja kurudi. Sijawahi kukosea tangu utotoni. Leo nimepotea shamba la tisa.

Jumatano, 13 Mei

Mpango mpya. Nimetangaza kwamba mzee anaumwa kifua, Jumamosi hataweza. Nikakunja uso kwa huzuni. Nilijiona mjanja.

Nilisahau naishi na watu gani. Kwetu ukimtajia mtu kibanda mlimani, keshafunga kamba za viatu. Na kesho ni sikukuu ya Kupaa, hakuna kazi. Oddvar wa tarumbeta akafunua ramani, akasema nimwonyeshe. Nikaweka kidole. Akasema hapo ni katikati ya ziwa. Nikasema kando kidogo. Akapiga kelele kwa furaha: kumbe nyuma ya Ystevik! Kibanda anakijua, amewahi kuona moshi wake.

Watu wanane wanapanda kesho kumpigia mgonjwa muziki dirishani. Wananiuliza anapenda wimbo gani. Ole wangu.

Alhamisi, 14 Mei

Nimewatangulia. Theluji hadi magotini. Kibanda kweli kipo, kimefungwa, sijui cha nani. Nikabandika karatasi mlangoni: Nimeshuka kwa daktari. Aslak. Kugeuka, namwona mtu anapanda na mkoba mgongoni. Nikajitupa ndani ya choo cha nje.

Mzee Haukås! Baba yake Ragnfrid! Kibanda ni chake! Akasoma karatasi mara mbili, akaingia nayo ndani, nadhani akawashia jiko. Mzee huyu kwa mwaka husema maneno ya kujaza kijiko cha chai.

Wanane wakafika. Nikatazama kwenye ufa wa mlango. Wakapiga nyimbo tatu. Mzee kasimama mlangoni, ndevu hadi kifuani. Oddvar akamuuliza kama amepata nafuu. Akasema naam. Wakamwomba aje kwenye onyesho Jumamosi. Akasema tiketi anayo. Wakatazamana. Wakanong'onezana: jamani, mzee anavyompenda mwanafunzi wake! Mmoja alifuta machozi.

Kisha wakakaa juani, machungwa, chokoleti, kahawa. Saa mbili nzima! Mimi chooni, miguu imekufa ganzi.

Ijumaa, 15 Mei

Okestra nzima inanitazama kwa heshima. Oddvar anasimulia: mzee yuko vilevile nilivyomwandika, hasemi! Mwenyekiti amemwekea kiti safu ya pili. Nikaanza kupumua.

Akaja Ragnfrid. Baba yake kampigia simu: watu wanane wamempandia mlimani na tarumbeta, anadhani ni kwa miaka sabini aliyotimiza Machi. Je, nina habari? Nikasema sina. Akaniambia, "Eilif, wewe sema tu ukweli. Mbona si mgumu hivyo." Rahisi kwake! Yeye ana baba wa kweli na mwalimu wa kweli.

Halafu simu ya shangazi. Kwanza, Jumapili ni tarehe kumi na saba, sikukuu ya taifa, nisisahau ngoma kubwa, bendi haina mwingine mwenye mabega. Pili, kanunua tiketi ya kesho. Anataka kusoma kile kijitabu, aone nimesema nini juu yake.

Juu yake! Alinichukua nikiwa na miaka saba, baba alipofia baharini. Aliuza kinanda chake ninunuliwe ngoma. Nimeona aibu hadi masikio yamewaka moto.

Lakini njia ipo. Vijitabu vyote viko kwenye boksi karibu na mlango. Nimelitia ndani ya sanduku la ngoma kubwa, nikafunga kufuli. Hawezi kusoma asichokiona.

Jumamosi, 16 Mei

Onyesho saa tisa alasiri. Vijitabu havionekani. Bi Tordis katafuta hadi jikoni. Nikamsaidia kutafuta. Akasema si neno, zile fomu tulizomwandikia anazo: atatusoma wote jukwaani, kwa sauti.

Akasoma ya Ragnfrid. Akatangaza: Borghild Ystevik, yumo humu ukumbini! Makofi. Shangazi kasimama, kavaa joho lake la sikukuu, mashavu mekundu. Kisha akanitazama mimi. Alikuwa anasubiri kuitwa mara ya pili.

Bi Tordis akasoma ya mzee Aslak. Yote. Akanyoosha mkono safu ya pili, akamwomba mzee asimame. Haukås akasimama. Akasema yeye ni baba yake Ragnfrid, na anashukuru kwa muziki wa Alhamisi. Akaketi. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo, mbele ya watu mia sita.

Shangazi aliinamisha kichwa.

Muziki ukaanza. Vipande vyangu vya kimya vikaanza. Gatini, Sandvik, Nedrebø... kichwa kitupu! Sijui niko shamba gani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mshindo wenyewe lazima mtu ajue uko wapi. Nikatazama ukumbini.

Shangazi alikuwa ameinua uso. Midomo yake inacheza. Tveit. Hjelle. Shuleni. Geuka, rudi. Alinitembeza shamba kwa shamba hadi gatini, macho yake hayakuniacha. Nikainua matoazi. Tishaaa! Mahali pake kabisa.

Kazi kapewa Ragnfrid. Mwenyekiti wala hakunipa mkono.

Nikamkuta shangazi mlangoni. Nilitaka kusema mengi, nikasema samahani tu. Akasema nilichelewa kuinua mikono. Akasema nimekonda. Kesho saa mbili asubuhi, na nipige pasi shati. Nililia kwenye gari kama mtoto.

Jumapili, 17 Mei

Bendera, aiskrimu, mvua kidogo. Ngoma kubwa mabegani, shangazi mbele na kijiti chake. Moyo mweupe. Nimeapa: sitadanganya tena maishani.

Saa sita akaja mwandishi wa gazeti la huku. Kauliza nani alinifundisha. Nikamwambia kwa fahari: shangazi yangu, Borghild Ystevik! Ukweli mtupu!

Akaandika jina. Akaanza kufunga daftari. Jina tu! Mwanamke wa namna ile, mstari mmoja chini ya picha ya aiskrimu! Nilimwonea uchungu. Nikaongeza kwamba mwaka fulani, kwenye ukungu, shangazi alipiga ngoma kubwa gatini saa tano mfululizo, feri ikafuata mlio, watu mia mbili wakaokoka.

Daftari likafunguka. Kauliza kama alipewa medali. Mdomo ukajibu wenyewe.

Kesho saa nne anakwenda kwa shangazi kuipiga picha hiyo medali. Maduka yanafunguliwa saa tatu. Nani anauza medali?