Protini Yangu Imo Kila Mahali

Jumatatu, 4 Machi
Leo ndiyo leo! Profesa ametangaza: Ijumaa atachagua mmoja wetu kwenda kuhutubia mkutano mkubwa wa watafiti wa mimea. Ni mimi au mwenzangu wa maabara, huyu ninayemwita Miwani. Kazi yenyewe ni kulinganisha protini za ukuta wa seli za mahindi, maharage na kangaga la kwenye chungu cha ofisi. Miwani kavaa glavu, barakoa na kofia ya nailoni, utadhani anapasua moyo wa mtu. Mimi nimetwanga majani kwa mikono mitupu. Glavu zinanitoa jasho. Nilimaliza yeye hata kofia hajaiweka sawa. Kwisha habari yake!

Jumatano, 6 Machi
Mashine imetoa majibu. Nimeruka, nikagonga kichwa kwenye rafu. Protini moja, ileile, imejaa kwenye mahindi, kwenye maharage, hata kwenye kangaga! Mimea isiyojuana hata kwa salamu! Miwani anasema kwake haipo. Wivu tu. Eti nipime na maji matupu, nivae na glavu. Nikamwambia asinifundishe kazi. Mama nilipompigia simu alipiga vigelegele, kisha akamwarifu shangazi. Protini nimeipa jina langu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepima maji matupu ili kumkomesha Miwani. Imo! Haihitaji hata mmea! Nilimkimbilia Profesa. Akaniangalia vidole, kimoja kimoja. Alivistaajabia, vidole vya mgunduzi!

Ijumaa, 8 Machi
Profesa kaniita. Kasema protini yangu inajulikana siku nyingi: ni ya ngozi ya binadamu. Nimejitwanga mwenyewe pamoja na majani. Anakwenda Miwani. Nusura nilie mbele ya jokofu la sampuli. Na mama keshanishonea suti! Nimeshindwa kumwambia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeamka na wazo! Nani kasema ngozi ile ni yangu? Miwani ana mba. Akitingisha kichwa, meza nzima inageuka nyeupe. Hii ni hujuma! Nitalinganisha ngozi yake na yangu, Profesa aone mwenyewe. Mama nimemwambia suti aipige pasi. Nimewahi maabara kabla ya wote, nimechukua ile kofia ya nailoni na kuikung'utia ndani ya kinu. Nimefanya kwa uangalifu mkubwa, kwa vidole vitupu, nisipoteze hata chembe.