Boga la Mng'aro Lapigwa Macho

Habari aliileta Tambuu, mdomo mwekundu kwa popoo, maneno yakiitangulia baiskeli. Alifika kibandani kwa Shangazi Biha, pembeni ya ua wa hekalu, akavuta kigoda bila kukaribishwa, akasema chama cha wakulima kimetupa mizani.

"Shindano la maboga mwaka huu hakuna kupima uzito," alisema. "Wanaleta kamera ya kupima kina."

"Kina cha nini?" akauliza Mng'aro, mmoja wa wanakijiwe waliokuwa wakisubiri chai. "Boga limekuwa kisima?"

"Ndivyo walivyosema. Inatupa mwanga usioonekana, inajua kila upande uko mbali kiasi gani, halafu inakuambia ujazo. Hata kitu kiwe na nundu na mabonde kama kichwa chako."

"Basi waanze na tumbo lako," alisema Shangazi Biha, akimimina chai kwenye vikombe vidogo. "Huu mwaka wa ngapi mkeo anauliza kuna nini humo ndani."

Walicheka wote isipokuwa mtu mmoja aliyekaa mwisho wa benchi, akimenya mbegu za tikiti kwa meno na kuyatema maganda polepole. Huyo aliitwa Mchanga, na alijua hiyo kamera imeletwa kwa sababu yake.

Wazazi wake walimpa jina la Gan Bunhiong. Jina la Mchanga alipewa na kijiwe mwaka jana, pale boga lake lililoshinda kwa uzito lilipopasuliwa jikoni mwa hekalu likamwaga mchanga sakafuni mbele ya kila mtu. Zawadi ikarudi chamani siku hiyohiyo. Alieleza kwamba panya walilitoboa kwa chini na mafuriko ya kimbunga yakaingiza uchafu. Ndivyo alivyoamini mwenyewe, maana hakuwa ametia hata punje. Lakini kijiwe hakina mahakama ya rufaa. Mpaka mkewe, akienda kununua samaki, alikuwa anaitwa Mama Mchanga.

"Kaka Mchanga," Mng'aro alimgeukia, "pole sana. Mwaka huu ujazo tu. Utalazimika kulima."

"Nimelima," alisema Mchanga.

"Nasikia umelilaza boga juu ya mbao na kulifunga wavu. Boga au mfungwa?"

"Panya wa kijiji hiki wana akili kuliko baadhi ya watu."

Mng'aro hakukasirika. Alikuwa mtu wa kupendeza macho: nywele zake zilimeta kwa mafuta, viatu vilimeta, pikipiki yake ilimeta hata siku za matope. Jina alilistahili.

Siku ya shindano kijiwe kizima kilibeba vigoda vyake hadi katikati ya ua. Binti Loa wa chama cha wakulima alikuwa amesimamisha nguzo ya chuma yenye kamera, na chini yake meza ya kuzungushwa. Pembeni kulikuwa na kioo kikubwa kama cha televisheni ambapo kila boga lilijichora kwa vitone vingi, kama limeshonwa kwa shanga.

"Binti," alisema Tambuu, "hiyo kamera inaona mpaka ndani?"

"Hapana, mzee. Inaona umbo la nje tu."

"Afadhali. Nisingeweza kupita mbele yake na mke wangu."

Maboga yalipita moja moja. La Mchanga lilikuwa limepinda upande, lina uvimbe mgongoni na bonde tumboni, ila lilikuwa kubwa kweli. Meza ilizunguka, vitone vikajaa, na Binti Loa akatangaza kwamba ndilo linaloongoza. Mchanga aligeuka kumtafuta mkewe. Mkewe, aliyesimama kwenye ngazi za hekalu, aliziba mdomo kwa kiganja.

Likabaki la Mng'aro. Liliwekwa mezani watu wakasogeza vigoda karibu, maana kwa macho tu lilionekana kulizidi la Mchanga. Tena mwenyewe alikuwa amelisugua kwa mafuta mpaka hekalu lote likajiona ndani yake.

Meza ikazunguka. Kwenye kioo boga likatokea limejaa matundu, kama lililoliwa na mbuzi. Ujazo uliosomwa ulikuwa mdogo kuliko wa boga la mtoto.

"Shangazi," Tambuu akanong'ona, "ule wa popoo ni ulevi mdogo. Hii mashine imekunywa."

Uso wa Mng'aro ulikuwa umekufa. Binti Loa alieleza kwa upole: mafuta yanaurusha mwanga pembeni kama kioo, haurudi kwenye kamera, basi haijui umbali, inaacha tupu. Boga likipakwa unga kidogo lingesomeka. Lakini kanuni ni kwamba kila boga hupimwa mara moja, labda anayeongoza akubali lirudiwe.

Ua mzima ukamgeukia Mchanga.

Alitazama chini. Akakumbuka samaki sokoni, na jina, na mwaka mzima wa kuamka alfajiri kumulika wavu. Angetikisa kichwa tu, yaishe. Hakuna ambaye angemlaumu waziwazi. Kisha akamwona Mng'aro akilifuta boga kwa mkono wa shati lake jeupe, akizidi kulichafua shati na kuling'arisha boga, bila kumwomba mtu kitu.

"Shangazi," Mchanga aliita, "una unga wa mchele?"

Shangazi Biha akaleta unga na chujio la chai. Mchanga akalisogelea boga.

"Taratibu," alisema Mng'aro. "Usije ukatia mchanga."

"Nyamaza, ushike upande huo."

Walilichekechea unga wakiwa wawili, mpaka boga likawa kama bibi harusi aliyezidisha poda. Meza ikazunguka tena. Vitone vikajaa bila tundu. Mng'aro akashinda, tena kwa mbali.

Baadaye walirudi kibandani. Mng'aro, ambaye hakuwahi kummiminia mtu chai, alimmiminia Mchanga kwa mikono miwili na kusubiri anywe kwanza. Mkewe Mchanga alipita na boga lao kwenye toroli. Alimtupia mumewe jicho refu ambalo halikuwa la hasira.

Tambuu hakuweza kuvumilia. "Lakini ulikuwa umeshinda, kaka. Ulishamaliza. Kilikuwasha nini?"

Mchanga alipuliza chai yake. "Ningeshinda leo, kesho mngesema nimeihonga kamera."

Tambuu alitafuna popoo akifikiri, akatazamana na Shangazi Biha, akatikisa kichwa.

"Unatuonea," alisema. "Kesho mbali. Tulikuwa tumeshaanza."