Mkate wa Safari wa Bruda Salvu

Jumatatu, 3 Novemba 1986

Barua kutoka kwa Padri Nazju, mkubwa wa shirika letu huko Malta. Anakuja Ijumaa. Anasema nimekaa Misri miaka ishirini na miwili, na wazee wa shirika wanafikiria kunirudisha kisiwani kwetu, Gozo. Ananiomba nimwambie wazi ninachotaka.

Nimwambie wazi! Mtawa akisema anataka kubaki, siku hiyo hiyo anafungashwa virago. Ndivyo wakubwa wanavyotufunza utii. Hapana. Mimi nitanyamaza, kijiji kitasema badala yangu.

Sitaki kuondoka. Nimeliandika hapa kwa kuwa hapa hakuna asomaye.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango wa kwanza: ionekane shule yetu ya kijijini haiwezi kuishi bila mimi. Alfajiri nimechomoa kipuri kidogo cha pampu ya maji, nikakitia mfukoni mwa kanzu. Ni jaribio tu kabla ya Ijumaa. Watoto wangelia kiu, walimu wangehangaika, kisha ningetokea na spana.

Saa mbili maji yalikuwa yanatoka. Wadii, fundi baiskeli, alikuwa amefunga kipande cha mpira wa gurudumu mahali pa kipuri changu. Mbele ya shule nzima! Akaniambia mimi nisali tu, vyuma niwaachie wenyewe.

Na nani aliyemfundisha kushika spana? Mwaka 1966 alikuja kwenye karakana yangu ya shule na masharubu ya wiki mbili, akajigonga kidole gumba siku ya kwanza, nikakifunga kwa leso yangu. Nilikasirika mpaka mchana. Nilipoikumbuka ile leso, hasira zikaniisha.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango wa pili, bora kuliko wa kwanza. Nimemnong'oneza Mama Ishaq, jirani yetu, kwamba ninachukuliwa. Nikamwomba asimwambie mtu. Kumpa Mama Ishaq siri ni kuitangaza kanisani na msikitini kwa siku moja. Hesabu yangu: Ijumaa wanawake watamzunguka Padri Nazju, watalia, atawaonea huruma.

Yeye ndiye aliyeniletea mkate wa kwanza nilipofika. Alikuwa bibi harusi wa siku kumi na tano. Unga wao huumuka juani, juu ya vigae vya udongo, na mimi nilipouona juu ya paa nikadhani ni matofali yanaanikwa. Alicheka mpaka mama mkwe akamkemea.

Leo hakucheka. Aliweka sinia chini, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akauliza ni lini. Nikasema huenda Jumapili. Mungu anisamehe, nilifurahi kuyaona yale machozi.

Alhamisi, 6 Novemba

Mapaa yote meupe kwa unga! Kila nyumba, na watoto wanafukuza shorewanda, ndege wasiudonoe. Nikadhani ni karamu ya Padri Nazju. Nikamuuliza Wadii.

Si karamu. Ni mkate wa safari. Hapa kijijini anayekwenda mbali huokewa mkate na kila nyumba, nami nililijua hilo. Ishaq, mwana wa jirani yetu, aliokewa alipokwenda Kuwait. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mimi ni mtu wa kuokewa. Na mkate ukishaokwa, mtu huondoka. Mkate wa safari ukiliwa nyumbani, huleta msiba.

Mbio kwa Mama Ishaq. Nikamwambia huenda nisiende. Akajibu kwamba hata Ishaq alisema hivyo mlangoni, akaendelea kukanda.

Ijumaa, 7 Novemba

Padri Nazju amefika mchana. Tukala maharage, maana ni siku ya mfungo. Tulipotoka, ua ulikuwa umejaa: nyumba arobaini na tatu, vikapu arobaini na tatu. Abuna Luka, paroko wetu, aliibariki mikate. Hakuna mwanamke aliyemsihi Padri. Walilia, ndiyo, lakini walilia kama wanaomuaga mtu kwenye kituo cha treni.

Wadii ameniletea sanduku la mkate alilolitengeneza mwenyewe. Limeunganishwa bila msumari hata mmoja, kama nilivyomfundisha. Alitaka kusema kitu, akakohoa, akaenda kuangalia pampu.

Padri Nazju akanivuta pembeni.

"Salvu, nilikuja kukuomba ubaki miaka mitano zaidi. Sina mtu mwingine. Lakini naona umeshawaaga."

Ulimi ulikuwepo kinywani. Maneno yalikuwepo. Mama Ishaq alikuwa ananitazama huku akifunga kikapu cha mwisho.

Nikasema yote ni mapenzi ya Mungu.

"Ungeniambia tu," akasema Padri.

Jumapili, 9 Novemba

Kituo cha treni cha Sohag. Nusu ya kijiji ipo. Mama Ishaq ameniingizia kikapu dirishani. "Ukitaka kurudi, rudi," akaniambia. "Nani atakuuliza?"

Treni ikaondoka kwa wakati, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika miaka yangu yote.

Alhamisi, 20 Novemba, Gozo

Mvua. Kuta zimelowa, kengele zinalia vizuri, na wenzangu ni watu wema. Asubuhi naamka nikisikiliza nani anafukuza shorewanda. Hakuna. Nina miaka hamsini na minane, na nawalilia wale ndege kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Leo Padri Nazju amekuja. Kasema nafasi ya Sohag bado iko wazi, hajapata mtu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, mimi natamani nini.

Nikacheka moyoni. Mimi si mgeni wa mambo haya: anayesema anataka kubaki ndiye anayefungashwa virago! Nikamwambia Gozo ni paradiso, vumbi la Misri lilikuwa linanimaliza kifua, na ombi langu pekee ni kufia hapa. Nikashusha na macho, aone utii.

Alinishika mikono yote miwili, akamshukuru Mungu. Kabla ya chakula alikuwa ameshatia saini: mimi ni mlezi wa nyumba ya mapadri wazee, maisha yangu yote.

Vizuri sana. Ameanza kunasa. Kesho nitamwambia naipenda na hiyo kazi ya wazee.